KOLESTEROLI NZURI NI NINI, NA INAUSAIDIAJE MOYO WAKO?

Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuzungumza juu ya malaria, kuhara na chanjo za watoto. Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo wengi wenu huniuliza ninapopita nyumba kwa nyumba: kolesteroli, ambayo wengine huiita lehemu. Mmesikia redioni kwamba kuna kolesteroli nzuri na kolesteroli mbaya. Mnauliza: Hiyo nzuri inapatikana wapi? Inauzwa? Nikiwa nayo, naweza kuacha vidonge vya presha?

Swali hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike. Baba yangu mkubwa alikuwa akimeza vidonge vya presha kwa miaka mitatu. Siku moja sokoni mtu alimwambia kwamba vidonge vinachosha mwili, akamwuzia chupa ya mafuta "yanayoongeza kolesteroli nzuri na kusafisha mishipa". Baba mkubwa aliuza sehemu ya unga wa nyumbani ili kuilipia. Akaacha vidonge. Kwa wiki tano alijisikia vizuri, hata akatusifia yale mafuta. Wiki ya sita, asubuhi, kikombe cha uji kilimponyoka mkononi na mdomo ukapinda upande mmoja. Kilikuwa kiharusi. Yu hai, lakini mkono wake wa kulia haufanyi kazi, na mama mkubwa ndiye anayemvalisha shati.

Wakati huo nilikuwa nimekwisha kuanza kazi hii ya uhudumu wa afya. Ile chupa niliiona juu ya meza. Sikuuliza. Kwa hiyo leo nawaelezeni ninyi yale ambayo nilipaswa kumweleza yeye.

KOLESTEROLI NI KITU GANI?

Kolesteroli ni aina ya mafuta laini yaliyomo katika mwili wa kila mtu, mnene na mwembamba, tajiri na maskini. Siyo sumu, wala siyo ugonjwa. Mwili unaihitaji ili kujenga kuta za chembechembe zake, kutengeneza homoni, kutengeneza nyongo inayosaga mafuta ya chakula, na kutengeneza vitamini D ngozi inapopata jua.

Sehemu kubwa ya kolesteroli hutengenezwa na mwili wenyewe, hasa na ini. Sehemu nyingine hutoka katika vyakula vya wanyama kama nyama, mayai na maziwa. Mimea haina kolesteroli ya kudhuru. Kwa hiyo ukiona dumu la mafuta ya mimea limeandikwa "hayana kolesteroli", usifikiri umepata mafuta ya pekee. Mafuta yote ya mimea yako hivyo. Swali la maana ni lingine, nasi tutalifikia tutakapoingia jikoni.

NZURI NA MBAYA ZINATOFAUTIANAJE?

Mimina mafuta kidogo katika kikombe cha maji. Yanaelea juu, hayachanganyiki. Damu nayo sehemu yake kubwa ni maji, kwa hiyo kolesteroli haiwezi kusafiri ndani yake peke yake. Lazima ibebwe. Wabebaji wake ni vifurushi vidogo sana vyenye protini. Wako wa aina kadhaa, lakini wawili ndio wanaotajwa sana. Mmoja huandikwa LDL, na mwingine HDL.

Fikiria siku ya mgao. Wako vijana wanaobeba magunia kutoka ghalani kwenda katika vijiji. Hao ni kama LDL: wanatoa kolesteroli kwenye ini na kuipeleka mwilini. Kazi yao inahitajika. Lakini wakiwa wengi kupita kiasi, mizigo inazidi mahitaji, na magunia yanaachwa njiani. Katika mwili, njia hiyo ni mshipa wa damu. Kolesteroli inajipenyeza ndani ya ukuta wa mshipa, inakaa, na ukuta unavimba na kuwa mgumu. Njia inazidi kuwa nyembamba mwaka baada ya mwaka bila mtu kusikia maumivu. Siku moja uvimbe huo unapasuka, damu inaganda juu yake, na njia inaziba. Ikizibia katika moyo, ni shambulio la moyo. Ikizibia katika ubongo, ni kiharusi. Ndiyo maana LDL huitwa kolesteroli mbaya.

HDL ni kama vijana wengine wanaopita nyuma wakiokota magunia yaliyoachwa njiani na kuyarudisha ghalani. Inachukua kolesteroli iliyozidi, hata ile iliyomo katika kuta za mishipa, na kuirudisha kwenye ini. Ini huitoa kupitia nyongo, na sehemu yake hutoka na choo. Tena HDL husaidia kupunguza uvimbe katika kuta za mishipa. Ndiyo maana huitwa kolesteroli nzuri.

Hivyo basi, kolesteroli yenyewe ni ile ile moja. Tofauti iko kwa mbebaji na mahali anapoipeleka.

JE, TUKIONGEZA ILE NZURI, MOYO UTAPONA?

Hapa ndugu msomaji naomba usome polepole, kwa sababu hapa ndipo wauzaji wanapopata mwanya.

Katika mji wa Framingham, nchini Marekani, mwaka 1948 madaktari walianza kuwafuatilia watu zaidi ya 5,000 ili kujua ni nani anaugua moyo na kwa nini. Mwaka 1977 walitoa matokeo yaliyoonyesha kwamba watu wenye HDL nyingi waliugua moyo mara chache kuliko wenye HDL kidogo. Tangu hapo watu wengi wakaamini kwamba dawa ya kuongeza HDL itauokoa moyo.

Dawa za namna hiyo zikatengenezwa na kujaribiwa. Mojawapo ilijaribiwa kwa watu wapatao 15,000. Iliongeza HDL sana, lakini mwaka 2006 jaribio lilisimamishwa kwa sababu waliokunywa dawa hiyo walikuwa wakifa zaidi kuliko wale ambao hawakuinywa. Mwaka 2011 jaribio jingine lilisimamishwa. Dawa yake nayo iliongeza HDL, lakini haikupunguza mashambulio ya moyo.

Tena kuna kijiji nchini Italia, Limone sul Garda, ambako watu wa ukoo mmoja walirithi HDL iliyo kidogo sana. Wataalamu walitazamia kuwakuta na magonjwa ya moyo kwa wingi. Hawakuyakuta. Protini ya HDL yao ina tofauti ndogo, na inadhaniwa kwamba HDL yao, ingawa ni chache, hufanya kazi yake vizuri.

Maana yake ni nini kwetu? Turudi kwenye mgao. Kuongeza majina katika orodha ya vijana wa kuokota magunia hakutoshi, ikiwa vijana hao wamekaa kivulini. Tunachotaka ni kazi, siyo idadi. HDL kidogo mara nyingi ni alama kwamba kuna jambo lingine haliendi sawa: mtu anavuta sigara, hatembei, ana kisukari, au amenenepa tumboni. Ukitengeneza jambo hilo, moyo unafaidika. Ukinunua chupa ili kuongeza namba peke yake, hujatengeneza kitu.

Lakini kupunguza kolesteroli mbaya ni habari nyingine. Majaribio mengi yameonyesha kwamba kupunguza LDL hupunguza mashambulio ya moyo na kiharusi. Kwa hiyo mganga akikuandikia dawa ya kazi hiyo, imeze kama alivyosema.

JE, NI LAZIMA NIPIME?

Kipimo cha kolesteroli hufanywa kwa damu, na si kila kituo cha afya kina vifaa vyake. Usikose usingizi kwa sababu hiyo. Kipimo ambacho kila mtu mzima anapaswa kukifanya ni cha presha. Hakina sindano, na huchukua dakika chache tu.

Kama umepimwa kolesteroli katika hospitali ya rufaa na unayo karatasi, tazama penye HDL. Kwa mwanamume, chini ya 40 huhesabiwa kuwa ni kidogo. Kwa mwanamke, chini ya 50. Hizo ni namba za karatasi yenye alama ya mg/dL. Kama karatasi yako ina alama ya mmol/L, namba hizo ni 1.0 na 1.3. Usijitibu kwa kutazama karatasi. Mpelekee mganga, naye ataiangalia pamoja na presha, sukari, umri na LDL.

Jambo moja la kukumbuka: malaria na homa nyingine kali hushusha HDL kwa muda. Ukipimwa ukiwa mgonjwa au umetoka kuugua, namba inaweza kukudanganya. Ngoja wiki kadhaa.

TUINGIE JIKONI

Najua hatuchagui kilichomo katika mgao. Mgao unakuja jinsi unavyokuja, na mara nyingine unapungua. Lakini kuna mambo ambayo yamo mikononi mwa mama au baba anayepika.

Kwanza, mafuta. Kinachopandisha kolesteroli mbaya zaidi ni mafuta yale mazito, yanayopenda kuganda kukiwa na baridi. Mawese tunayoyapenda sote kwenye sombe, karibu nusu yake ni mafuta ya namna hiyo. Mafuta ya nazi yanayo mengi zaidi. Mafuta ya alizeti yanayo kama sehemu moja tu katika kumi. Sisemi uyatupe mawese. Yale mekundu yana kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, nayo ni nzuri kwa macho ya watoto. Nasema hivi: mtu mzima mwenye presha au kisukari ayatumie kwa kijiko, asiyamimine kutoka kwenye chupa. Na anayeweza kupata alizeti, abadilishane siku.

Pili, mafuta ya mimea yaliyogandishwa kiwandani. Baadhi yake yana aina ya mafuta inayofanya mabaya mawili kwa pamoja: yanapandisha LDL na kushusha HDL. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote ziyaondoe katika vyakula. Kama unayo mafuta mengine, acha hayo.

Tatu, mafuta ya kukaangia maandazi na samaki. Yakishakuwa meusi, yanatoa povu na harufu kali, yameharibika. Mama unayeuza maandazi, najua faida ni ndogo. Lakini usiongeze mafuta mapya juu ya yale meusi siku baada ya siku. Wanaokula ni watoto wako na wa jirani.

Nne, maharagwe na mbaazi. Watu huyadharau kwa sababu tunayala kila siku. Lakini maharagwe yana nyuzinyuzi zinazoshika nyongo tumboni na kutoka nayo, na ini hulazimika kuchukua kolesteroli kutoka katika damu ili kutengeneza nyongo nyingine. Kwa njia hiyo LDL inapungua. Chakula hiki unacho tayari. Ongeza lengalenga, matembele au sombe kutoka katika bustani ya nyuma ya nyumba. Karanga kidogo na parachichi pia ni mafuta mazuri kwa mishipa.

Tano, dagaa, au ndagala kama wengi wetu tunavyosema. Mafuta ya samaki ni mazuri kwa moyo. Lakini wale waliokaushwa kwa chumvi, waloweke kwanza na kumwaga maji hayo. Chumvi yote ya siku moja kwa mtu mzima isizidi kijiko kimoja cha chai kisichojaa, pamoja na iliyomo ndani ya chakula.

ANGALIZO KUHUSU WATOTO

Nilimkuta mama mmoja ambaye baada ya kusikia habari za kolesteroli aliacha kutia mafuta katika uji wa mtoto wa mwaka mmoja. Alikuwa na nia njema, lakini mtoto alikuwa anakonda. Ndugu msomaji, maneno ya leo ni kwa watu wazima. Mtoto mdogo anahitaji mafuta ili akue na ubongo wake ukue. Usimpunguzie mafuta mtoto. Mafuta ya mgao huongezewa vitamini A, na yeye ndiye wa kwanza kustahili kuyapata. Vivyo hivyo mama mjamzito, anayenyonyesha, na mgonjwa aliyedhoofika.

KUTEMBEA, SIGARA NA POMBE

Kutembea na kazi za mwili huongeza HDL kidogo, hushusha presha, na husaidia sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kuhemesha kidogo. Mama anayeteka maji na kuchota kuni amezipata hizo tangu Jumanne, na simwambii aongeze. Nasema na sisi wengine, hasa wazee wangu mnaokaa siku nzima kwenye karata na igisoro. Nusu saa ya kutembea kwa haraka, siku tano kwa wiki, haihitaji kibali cha mtu.

Sigara hushusha HDL na huumiza kuta za mishipa. Anayeacha, HDL yake huanza kupanda katika wiki chache tu. Huu ndio usafishaji wa mishipa ninaoujua mimi, nao haugharimu hata senti. Tena unarudisha fedha nyumbani.

Kuna wanaosema pombe huongeza kolesteroli nzuri, kwa hiyo ni dawa. Ni kweli kwamba pombe inaweza kuipandisha ile namba. Lakini tumeona kwamba namba peke yake haiokoi. Pombe hiyo hiyo hupandisha presha, huharibu ini, na kule inakotoka tunajua inavyovunja nyumba. Asiyekunywa asianze kwa sababu ya moyo.

VIDONGE VYA PRESHA USIVIACHE

Presha ya kupanda haina dalili kwa watu wengi. Ukipimwa ukakutwa na 140 juu au 90 chini, au zaidi, kwa siku mbalimbali, unayo presha hata kama unajisikia mzima kabisa. Presha hiyo hupiga kuta za mishipa usiku na mchana, na ukuta uliopigwa ndipo kolesteroli inapopenya kwa urahisi.

Vidonge vya presha haviiponyi. Vinaishikilia. Ni kama mkono ulioshika mlango wakati wa upepo. Ukiondoa mkono kwa sababu mlango umetulia, mlango utafunguka tena. Kolesteroli nzuri, hata ikiwa nyingi namna gani, haiwezi kuushika mlango huo badala ya vidonge.

Vidonge vikikuletea kikohozi, kizunguzungu au miguu kuvimba, usinyamaze na usiache mwenyewe. Rudi kliniki useme. Ziko aina nyingine. Na mtu akikuuzia kitu sokoni kinachosafisha mishipa, mwulize swali moja: "Je, naweza kukipeleka kwa mganga akione kwanza?" Akikasirika, umepata jibu.

DALILI ZA HATARI

Nenda kituo cha afya mara moja, hata kama ni usiku, ukiona haya:

- Maumivu au uzito unaokandamiza kifua, unaokwenda kwenye mkono, shingo au taya, pamoja na jasho la baridi au kukosa pumzi.
- Mdomo kupinda upande mmoja.
- Mkono au mguu kufa ganzi au kukosa nguvu ghafla.
- Maneno kukwama au kutoeleweka.

Usimpe mgonjwa wa kiharusi chakula wala maji, maana anaweza kupaliwa. Usimchanje, wala usingoje asubuhi. Kumbuka saa dalili zilipoanza, ukamwambie mganga. Mwite mwenyekiti wa kijiji au mhudumu wa afya aliye karibu ili msaidiane kumpeleka.

KWA KIFUPI

1. Kolesteroli nzuri huondoa mafuta yaliyozidi katika mishipa na kuyarudisha kwenye ini.
2. Haiuzwi katika chupa. Inasaidiwa na kutembea, kuacha sigara na kula vizuri.
3. Haichukui nafasi ya vidonge vya presha, sukari au moyo.
4. Mtu mzima apunguze mafuta mazito na chumvi. Mtoto mdogo asipunguziwe mafuta.
5. Pima presha hata kama huumwi.

Ndugu msomaji, nilipomaliza kuandika ukurasa huu nilimsomea baba mkubwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha kwa ule ulimi wake uliobaki mzito akaniambia: "Waandikie pia kwamba nilijisikia mzima." Basi nimeandika. Wiki zote tano alijisikia mzima.

Jirani yako asiyejua kusoma, msomee. Na ukiona chupa juu ya meza ya mzee wako, uliza.

Mhudumu wako wa afya ya jamii